Pointi elfu moja za kiashiria kipi? Barua kuhusu kampuni za kati za India

Mheshimiwa Mhariri,

Salamu kutoka Pune. Naandika kuhusu habari mliyoitoa kwenye ukurasa wa biashara, ile iliyosema kwamba hisa za kampuni za kati nchini India, yaani zenye ukubwa wa katikati, huku huitwa midcap, zimepoteza pointi elfu moja kwa siku moja na wawekezaji wanalia. Niliisoma hadi nukta ya mwisho nikitafuta mambo mawili tu: elfu moja kati ya ngapi, na ni kiashiria kipi, yaani ile namba moja inayofupisha bei za hisa za kampuni nyingi. Sikuyaona. Nikakuta badala yake sentensi inayosema hizi ni kampuni changa, na nyingine inayosema aliyezinunua mwaka 2005 na kutulia leo ni tajiri. Hapo ndipo nilipoamua kuandika, na naomba radhi mapema kwa urefu wa barua.

Mimi ni mhasibu. Nilikuja huku kusoma, nikapata kazi katika ofisi inayotunza hesabu za mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Ofisi siitaji kwa sababu haikunituma. Kazi yangu ni kulinganisha: mfuko una hisa gani, kiashiria kina hisa gani, tofauti iko wapi na imetoka wapi. Ni kazi isiyo na sifa nyingi, lakini humfundisha mtu kutosoma namba kabla hajajua imezaliwaje.

Tuanze na hizo pointi. Soko la Taifa la Hisa la India, NSE, lenye makao yake Bandra Kurla Complex huko Mumbai, halina kiashiria kimoja cha kampuni za kati. Kuna Nifty Midcap 50, Nifty Midcap 100, Nifty Midcap 150, na Nifty Midcap Select yenye kampuni 25. Soko kongwe la BSE, lile la mtaa wa Dalal lililoanza mwaka 1875, nalo lina vya kwake, na cha kampuni za kati lilikizindua Aprili 2005. Mwezi Septemba 2024, soko lilipokuwa juu kabisa, Midcap 100 ilivuka 60,000. Midcap 150 ilikuwa karibu 22,000. Midcap Select ilikuwa karibu 13,000. Kampuni zilizomo ni karibu zilezile, kwa sababu vidogo vimechotwa ndani ya kikubwa. Sasa ondoa pointi elfu moja kwenye kila kimoja. Kwenye Midcap 100 umepoteza chini ya 2%, siku ya kawaida tu ambayo madalali wanainuka saa tisa na nusu alasiri wanakwenda kunywa chai. Kwenye Midcap 150 umepoteza zaidi ya 4%, na simu hazitanyamaza. Kwenye Select umepoteza zaidi ya 7%, na hapo hata bungeni New Delhi itazungumzwa. Mwandishi wako alikuwa anasimulia siku ipi kati ya hizo tatu?

Tofauti hiyo haina maana kwamba kimoja kina kampuni tajiri kuliko kingine. Kila kiashiria kilipewa tarehe ya kuanzia na namba ya kuanzia, na namba hiyo kwa vyote hivi ni 1,000. Midcap 100 inahesabiwa tangu Januari 1, 2003. Midcap 150 inahesabiwa tangu Aprili 1, 2005. Aliyeanza kuhesabu mapema alizikuta hisa zikiwa chini, akapanda nazo. Aliyeanza baadaye alizikuta zimeshapanda. Pointi si rupia wala si kipimo cha utajiri. Inakuonyesha tu umbali kutoka siku ile ya kwanza.

Na hata ndani ya kiashiria kimoja, pointi za jana si sawa na za leo. Chukua Sensex, kiashiria cha BSE cha kampuni kubwa 30 ambacho kila mtu anakijua. Machi 23, 2020, India ilipokuwa inajifungia kwa sababu ya korona, Sensex ilianguka pointi 3,934. Juni 4, 2024, siku ya kuhesabu kura za uchaguzi mkuu, ilianguka pointi 4,389. Kwa lugha ya kichwa chenu cha habari, siku ya kura ilikuwa mbaya kuliko siku ya korona. Kwa asilimia, ya korona ilikuwa zaidi ya 13% na ya kura ilikuwa chini ya 6%. Jambo ambalo magazeti mengi yalilipita siku hiyo ya kura ni kwamba Nifty Midcap 100 ilishuka karibu 8%. Habari yenyewe ilikuwa pale, kwenye kampuni za kati, wakati macho yote yalikuwa kwa wakubwa 30.

Sasa hili la kampuni changa.

Kampuni haiingii kundi la kati kwa umri, kwa faida, wala kwa sifa yoyote nzuri au mbaya. Inaingia kwa nafasi yake kwenye foleni. Oktoba 6, 2017 mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji ya India, SEBI, ilitoa waraka uliomaliza ubishi wa miaka mingi. Kabla yake, kila meneja wa mfuko alikuwa na tafsiri yake ya ukubwa wa kati, na tafsiri hiyo ilibadilika kufuatana na anachotaka kununua mwezi huo. SEBI ikasema: panga kampuni zote zilizoorodheshwa kwa ukubwa wa mtaji wa soko, yaani bei ya hisa moja mara idadi ya hisa zote, kuanzia kubwa kabisa. Ya 1 hadi ya 100 ni kubwa. Ya 101 hadi ya 250 ni za kati. Kuanzia ya 251 kushuka ni ndogo. Chama cha mifuko ya pamoja, AMFI, kikapewa kazi ya kutoa orodha hiyo kila baada ya miezi sita kwa kutumia wastani wa ukubwa wa mtaji wa kipindi chote, ili kampuni isipande cheo kwa sababu ya wiki moja ya uvumi.

Angalia kwamba hakuna kiwango cha fedha kilichoandikwa. Orodha ya kwanza ilipotoka, mlango wa kundi la kampuni kubwa ulikuwa chini kidogo ya rupia bilioni 300. Mwishoni mwa 2024 mlango huohuo ulikuwa umefika karibu rupia trilioni moja. (Wao huhesabu kwa crore, milioni kumi kumi, nimewabadilishia.) Kampuni iliyokuwa imesimama mlangoni mwa kundi kubwa kwa mtaji wake wa mwaka 2017, kama haikukua, miaka saba baadaye ilikuwa imesukumwa hadi kwenye kampuni ndogo bila kupoteza rupia hata moja. Wenzake walikua tu.

Kuhusu uchanga, hapa Pune ninapoishi kuna Bharat Forge, eneo la Mundhwa, inayofua vyuma vya injini na ekseli za malori. Imekuwepo tangu 1961 na imekaa miaka mingi katika kundi la kati. Federal Bank ya Kerala inahesabu asili yake tangu 1931. MRF, watengeneza matairi wa Chennai, walianza mwaka 1946 na walikuwa wanatengeneza maputo ya watoto. Zote tatu zina umri wa babu, na zote ni za kati.

MRF nataka niitumie zaidi, kwa sababu inavunja imani moja ambayo nimeikuta hata kwa watu wenye shahada. Juni 2023 hisa moja ya MRF ilivuka rupia 100,000, hisa ya kwanza India kufika huko. Watu wakasema hiyo ndiyo kampuni kubwa kuliko zote. Lakini MRF ina hisa milioni 4 na ushee tu. Zidisha: unapata kama rupia bilioni 424, na hiyo ni kampuni ya kati. Wakati huohuo Yes Bank, ambayo ilikuwa imeokolewa kutoka kwenye shimo Machi 2020, hisa yake moja ilikuwa inauzwa kwa kama rupia 16. Kumi na sita! Lakini zilikuwepo hisa zaidi ya bilioni 28. Zidisha tena, na utaona benki ya rupia 16 imeizidi kidogo kampuni ya rupia laki moja. Bei ya hisa peke yake haikuambii ukubwa wa kampuni. Mwandishi anayeandika kwamba hisa fulani ni ya bei ya chini kwa hiyo kampuni ni ndogo, huyo bado hajauliza hisa ziko ngapi.

Hadi hapa nimesema kuhusu nani anaingia. Akishaingia, kuna swali la pili: anakuwa na uzito gani? Na hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu kipimo kinabadilika katikati ya safari. Nafasi kwenye foleni hupangwa kwa mtaji wote wa kampuni. Uzito ndani ya kiashiria hupangwa kwa hisa zilizo huru sokoni tu. Kampuni nyingi za India bado zinashikiliwa na familia zilizozianzisha, na sheria kwa kawaida inawaruhusu waanzilishi kubaki na hadi 75%. Zile hisa hazinunuliki. Zimelala kwenye familia, na nyingine zimelala serikalini. Kiashiria hakizihesabu.

Chukua kampuni mbili za kubuni zenye mtaji sawa, rupia bilioni 500 kila moja. Ya kwanza familia ina 75%, ya pili familia ina 20%. Kwenye foleni zimesimama bega kwa bega. Ndani ya Nifty Midcap 150, ya kwanza inahesabiwa kama bilioni 125 na ya pili kama bilioni 400. Ya pili ikitetemeka, kiashiria kinatetemeka zaidi ya mara tatu kuliko ya kwanza ikitetemeka vilevile. Ndiyo maana siku nyingine mnaona kampuni inayojulikana sana imepanda 10% na kiashiria hakijasogea. Kingine kinachochangia ni idadi. Ndani ya Nifty 50, kiashiria cha NSE cha kampuni kubwa 50, HDFC Bank peke yake hubeba zaidi ya 10%. Ndani ya Midcap 150 hakuna mwenye nguvu hiyo. Mkubwa wao huwa na asilimia chache tu, wengi hawafiki hata moja.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Jumlisha thamani ya hisa huru za kampuni zote 150 kwa bei za sasa hivi, gawanya kwa thamani ya msingi, zidisha kwa 1,000. Kompyuta za soko zinafanya hivyo kuanzia saa tatu na robo asubuhi bila kupumzika. Ufundi uko kwenye kile kigawanyo, yaani ile thamani ya msingi. Kampuni ikitoka na nyingine ikaingia, au kampuni ikiuza hisa mpya, jumla inaruka ingawa hakuna mwekezaji aliyepata kitu. Kigawanyo hurekebishwa usiku huo ili asubuhi kiashiria kifunguke pale kilipofungia. Kampuni ikigawanya hisa moja kuwa tano hakuna cha kurekebisha, kwa sababu bei nayo imegawanyika.

Sasa nifike kwenye sentensi yenu iliyonikera zaidi, ile ya aliyenunua mwaka 2005 na kutulia.

Nifty Midcap 150 ni kama basi lenye viti 150 na milango miwili. Abiria hushukia mlango wa mbele wakiwa wamekua hadi kuingia kwenye mia ya kwanza, na hushukia mlango wa nyuma wakiwa wamepungua. Viti havibaki wazi. Mara mbili kwa mwaka, kwa takwimu za miezi sita zinazoishia Januari 31 na Julai 31, kampuni ya NSE Indices inapanga upya, inatangaza wiki nne kabla, na mabadiliko yanaanza kazi mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba. Wameweka ukingo ili watu wasiingie na kutoka kila msimu: kampuni ya nje inalazimika kuingizwa ikifika nafasi ya 225 au juu yake, na iliyomo inatolewa ikianguka chini ya 275. Katikati ya hapo, aliyekaa anaendelea kukaa.

Kwa hiyo kiashiria kilichopanda kutoka 1,000 hadi zaidi ya 20,000 hakikupandishwa na abiria walewale. Aliyenunua kampuni za mwaka 2005 na kutulia ana kitu kingine kabisa mkononi.

Mzee mwenye nyumba ninayopanga alistaafu kiwanda cha spea za magari. Ana daftari la jalada jekundu, na ndani yake ameandika kwa kalamu ya wino hisa alizonunua mwishoni mwa 2007, soko likiwa linachemka. Zote zilikuwa kampuni za kati wakati huo. Hakuuza hata moja. Kwake kuuza ni ukosefu wa uaminifu. Siku moja aliniwekea daftari mezani akaniuliza kwa nini televisheni inasema kampuni za kati zimepanda mara nyingi na yeye yuko palepale. Tulipitia mstari kwa mstari. Mbili zilikuwa zimefutwa sokoni. Kadhaa zilikuwa zimeshuka hadi kampuni ndogo na kukaa huko. Moja ilikuwa imekua sana, imeingia kwenye mia ya kwanza, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa imebeba daftari lote. Nikamwambia: mzee, kiashiria kiliziuza zile nyingine zamani, wewe umebaki nazo. Hakupendezwa na jibu. Alisema kiashiria hakina adabu, na kwa kiasi fulani yuko sahihi.

Ukitaka mfano ulio wazi kwa kila mtu, itazame Suzlon, kampuni ya mitambo ya upepo ambayo nayo makao yake yako hapahapa Pune. Mwanzoni mwa 2008 hisa yake iliuzwa kwa zaidi ya rupia 400, na iliwahi kuwemo ndani ya Nifty 50. Madeni yakaimeza. Mwaka 2020 hisa ilikuwa chini ya rupia 3. Halafu ikafufuka, ikavuka rupia 80 mwaka 2024, ikarudi kundi la kati. Aliyefuata viashiria aliiuza ikishuka na kuinunua tena ikipanda. Aliyenunua 2008 akatulia, hata baada ya ufufuo huo wote, alikuwa bado hajarudishiwa hata robo ya fedha yake.

Kuna jambo jingine kuhusu hiyo 2005 ambalo halisemwi. Nifty Midcap 150 ilizinduliwa Aprili 2016. Historia yake ya miaka kumi na moja ya mwanzo ilihesabiwa kurudi nyuma, kwa kanuni zilizoandikwa baadaye. Si udanganyifu, kanuni ziko wazi na hesabu ni sahihi. Lakini katika miaka hiyo hakukuwa na mtu duniani aliyekuwa akikishika kiashiria hicho. Mkiweka mchoro unaoanzia 2005, tafadhali pigeni mstari kwenye 2016.

Niseme pia kuhusu siku yenyewe ya mabadiliko, maana ndiyo siku yangu ya jasho. Mfuko unaofuata kiashiria unatakiwa uwe na kampuni mpya na uwe umeachana na za zamani kwa bei ya kufunga. Bei ya kufunga katika NSE kwa miaka mingi imekuwa wastani wa mauzo ya nusu saa ya mwisho, saa tisa hadi saa tisa na nusu. Kwa hiyo katika nusu saa hiyo mifuko yote inanunua kampuni zilezile na kuuza zilezile, na kila dalali amejua kwa wiki nne kwamba itakuwa hivyo. Na ukiangalia kinachouzwa, mara nyingi kinauma: mfuko wa kampuni za kati unalazimika kuiacha kampuni iliyofanya vizuri kuliko zote, kwa kosa la kufanya vizuri. Imeingia kwenye mia ya kwanza, si ya kati tena, tuagane.

Tena orodha ya AMFI na orodha ya NSE hazilingani siku zote. AMFI inahesabu miezi ya Januari hadi Juni na Julai hadi Desemba, NSE inahesabu hadi mwisho wa Julai na mwisho wa Januari, na ule ukingo wa 225 na 275 uko upande mmoja tu. Unaweza kuikuta kampuni ambayo kwa AMFI ni ya kati na kwenye kiashiria haimo. Wateja hutuandikia barua kali kuhusu hilo. Ni kalenda na ukingo tu.

Uzito wa waraka wa 2017 ulionekana mwaka uliofuata. Mfuko unaojiita wa kampuni za kati ulitakiwa uwe na angalau 65% ya fedha zake katika zile za nafasi ya 101 hadi 250. Mifuko iliyokuwa imejaza kampuni ndogo chini ya jina hilo ikaanza kuuza. Februari 1, 2018 bajeti ikarudisha kodi ya 10% kwenye faida ya hisa za muda mrefu. Septemba mwaka huohuo IL&FS, kampuni kubwa ya kugharamia miundombinu, ikashindwa kulipa madeni yake na mikopo ikakauka. Nifty 50 ilimaliza 2018 ikiwa imepanda kama 3%. Nifty Midcap 100 ilimaliza ikiwa imeshuka kama 15%. Mwaka 2019 ikawa vilevile: wakubwa juu 12%, wa kati chini zaidi ya 4%. Mtu aliyesoma magazeti ya Kiswahili katika miaka hiyo miwili aliambiwa soko la India linapanda. Lilikuwa linapanda kwa kampuni chache. Na kinyume chake kikaja 2021 na tena 2023, ambapo Midcap 100 ilipanda kama 46% kila mwaka, karibu mara mbili ya Nifty 50 au zaidi. Hapo nako mliandika Sensex.

Fedha zilizofuata ndizo zilizoitia hofu SEBI. Wahindi wa kawaida wamezoea kuwekeza kwa mwezi, mshahara ukiingia benki inakata. Tangu Aprili 2024 makato hayo ya mwezi yamekuwa yakivuka rupia bilioni 200 kwa nchi nzima. Sehemu kubwa ilikimbilia mifuko ya kampuni za kati na ndogo, ambako hisa zinazouzika kwa siku si nyingi kama za wakubwa. Machi 11, 2024 aliyekuwa mwenyekiti wa SEBI, Madhabi Puri Buch, alisema hadharani kwamba kuna sehemu za soko zenye povu, yaani bei zilizovimba kupita kiasi. Machi 13, Midcap 100 ilianguka zaidi ya 4%. Machi 15 mifuko ikaanza kutangaza itachukua siku ngapi kuuza robo na nusu ya hisa zake iwapo wenye vipande wengi watataka fedha kwa mpigo, baada ya kuweka kando ile 20% ya hisa ngumu zaidi kuuzika. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokesha kwenye hesabu hizo katika ofisi yetu, na naweza kusema kwamba ile 20% iliyowekwa kando ndiyo iliyokuwa inatunyima usingizi.

Gawio nalitaja kwa kifupi. Kiashiria mnachokichapisha kinahesabu bei tu. Kuna kingine cha jina hilohilo kinachojumlisha gawio lililolipwa na kuwekezwa tena, na tangu Februari 1, 2018 SEBI inataka mifuko ijipime kwa hicho. Mkilinganisha faida ya mfuko, ambao umepokea gawio, na kiashiria cha bei, ambacho hakijapokea, mfuko utaonekana hodari kuliko ulivyo. Mameneja wa mifuko hawatawaandikia kulalamika kuhusu kosa hilo.

Ninachoomba ni kidogo. Mkitaja kampuni za kati za India, andikeni jina kamili la kiashiria pamoja na namba yake, 50, 100 au 150, kwa sababu televisheni za huku hupenda kuonyesha Midcap 100 na mifuko hupimwa kwa Midcap 150. Andikeni asilimia kwanza, pointi zifuate mkitaka. Na mwandishi wako akitaka habari iliyo hai kuliko pointi za siku moja, afuatilie tangazo la NSE Indices linalotoka mwezi mmoja hivi kabla ya mwisho wa Septemba, aone ni kampuni zipi zinashushwa na zipi zinapandishwa, kisha atazame mauzo ya ile nusu saa ya mwisho siku ya mabadiliko. Akikwama kwenye hesabu aniandikie kupitia kwako, lakini asiniandikie siku hiyohiyo, sitamjibu.

Wako,
Msomaji wa Pune, India